Mwiko wa Shujaa Mtakatifu: Padri, Mganga na Silaha Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Lake Geneva, Wisconsin, mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake, mmoja wao akiwa msimulizi na mwamuzi, na dadu ndizo zinazoamua kama pigo limempata adui au limekosa. Katika toleo la kwanza mhusika alikuwa wa aina tatu: mpiganaji, mchawi au kasisi. Wapiganaji na wachawi wamejaa katika hadithi za dunia nzima. Kasisi ndiye aliyekuwa mgeni. Amevaa deraya, ameshika rungu, anaponya majeraha ya wenzake kwa sala na kuwafukuza wafu wanaotembea usiku. Alizaliwa kwa haja ya mchezo wenyewe: kwenye meza ya Arneson, Minnesota, mnyonya damu aitwaye Sir Fang alikuwa amewashinda wote, ikabidi atafutwe mtu wa dini wa kumkabili.

Kanuni moja ilimfunga kasisi huyo: asishike silaha yenye makali. Rungu ruksa, upanga marufuku. Wapenzi wa mchezo hupenda kulihusisha wazo hilo na Odo, askofu wa Bayeux na ndugu wa William Mshindi kwa mama, anayeonekana katika kitambaa cha tarizi cha Bayeux akiwa juu ya farasi kwenye vita vya Hastings vya 1066, rungu mkononi. Waingereza nao, katika michezo yao ya Warhammer, wakampa padri mpiganaji wao nyundo. Silaha zikabadilika, lakini kiini kikabaki kilekile: anayepigana kwa nguvu itokayo juu hawi huru kama askari wa kawaida. Ana mwiko.

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kushuka hadi Baraka na milima ya Fizi, umewaona watu wa aina hii wakiwa hai, wala si katika hadithi. Wengine walikuja na msalaba kutoka Ulaya, wengine walitoka vijijini na maji ya dawa. Ukizisoma historia zao kwa pamoja utaona kwamba uzito haukuwa katika bunduki wala katika sala. Ulikuwa katika mwiko, na zaidi ya mwiko, katika mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba umevunjwa.

Kanisa na damu

Kanisa Katoliki lenyewe halikuwahi kumkubali kwa moyo mweupe padri anayepigana. Maaskofu wa aina ya Odo walikuwepo, lakini sheria iliwakataa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulipiga marufuku makleri kutoa hukumu za damu, kushiriki kuzitekeleza au kuwaamuru watu wa silaha. Hata Watempla, ambao jina lao huja haraka kila mtu anapowaza watawa wenye upanga, hawakuwa mapadri. Shirika lao lilianza Yerusalemu mnamo 1119 na kupata kibali cha Kanisa huko Troyes mwaka 1129. Mashujaa wake walikuwa ndugu walei walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Mapadri wao walikuwa watu wengine, wa kuadhimisha misa na kuungamisha. Aliyepigana hakugusa kalisi, na aliyegusa kalisi hakupigana.

Mgawanyo huo ndio uliofika ziwani miaka mia sita na zaidi baadaye.

Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wakitafuta habari za mto Ruzizi, waliikuta ni kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini. Pembe za ndovu na watumwa vilishushwa hapo kwenye mitumbwi kuelekea Ujiji, na kutoka Ujiji misafara ikaenda Tabora na pwani. Kufikia miaka ya 1880 mwenye nguvu kuu katika maji hayo alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza. Vijiji vya pande zote mbili za ziwa viliishi vikitazama majini kwa wasiwasi.

Ndani ya hali hiyo wakaingia Mapadri Weupe. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa kadinali. Mwaka 1879 walifungua kituo Rumonge, katika Burundi ya leo, ng'ambo ya rasi ya Ubwari. Tarehe 4 Mei 1881 kituo kilishambuliwa kufuatia ugomvi uliomhusu mtoto aliyekuwa mikononi mwa misheni. Wazungu watatu waliuawa: padri Deniaud, padri Augier, na Mbelgiji mmoja aitwaye d'Hoop. Huyu wa tatu hakuwa padri. Alikuwa mlei msaidizi, na kazi yake ilikuwa ulinzi.

Wazuavu wa Tanganyika

Wasaidizi hao ndio waliokuwa jibu la Lavigerie kwa mwiko wa mwaka 1215. Padri hawezi kumwaga damu, basi aende na mtu anayeweza. Baadhi yao aliwapata miongoni mwa askari wa kujitolea waliokuwa wamemlinda Papa, wale waliojulikana kama Wazuavu, ambao walibaki bila jeshi baada ya Roma kutwaliwa mwaka 1870. Walikuwa Wakatoliki wa siasa kali ya imani, wengi wao kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, wakiamini kwamba bunduki inaweza kuwa sehemu ya ibada.

Aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Léopold Joubert, aliyezaliwa mwaka 1842 magharibi mwa Ufaransa. Alilitumikia jeshi la Papa tangu ujana wake, akaja Afrika mwaka 1880. Wakati huo mapadri walikuwa wakihangaika kuota mizizi upande wa magharibi wa ziwa, kwanza Mulweba katika nchi ya Masanze, kisha Kibanga, kituo walichokianzisha mwaka 1883 karibu na Ubwari, katika Fizi ya leo. Kibanga kilikusanya watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Homa na vita vilikichosha kituo hicho, na mapema katika miaka ya 1890 watu wake wakahamishiwa kusini.

Kusini ndiko Joubert alikojijengea jina. Mpala ilikuwa ngome ya Kapteni Émile Storms, iliyokabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Joubert aliifikia mwaka 1887, akafundisha vijana wenyeji kutumia bunduki, kisha akajenga ngome yake Mrumbi na kuipa jina la Mtakatifu Louis, mfalme wa Ufaransa aliyekwenda Vita vya Msalaba. Aliamua kesi, akalinda vijiji, akakabiliana na watu wa Rumaliza. Lakini hakupata upadri, wala hakuutaka. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, mwanamke mwenyeji wa huko, wakapata watoto. Alikufa mwaka 1927 bila kurudi tena kuishi Ulaya.

Lavigerie alitaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 1888 alizunguka Paris, London na miji mingine akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na mwaka 1891 akaanzisha Biskra, Algeria, shirika la Ndugu wenye Silaha wa Sahara: watawa wenye bunduki, Watempla wa zama za reli. Halikudumu. Lilivunjwa mwaka 1892, mwaka huohuo alipokufa kadinali mwenyewe. Huku ziwani kazi ya silaha ikachukuliwa na maafisa wa Ubelgiji. Kapteni Jules Jacques alianzisha Albertville, Kalemie ya leo, mwishoni mwa 1891, na nguvu ya Rumaliza ikavunjwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwanzoni mwa 1894.

Kuna mtu mwingine ambaye historia za vita humsahau. Adrien Atiman alizaliwa upande wa mto Niger, katika Mali ya leo, akauzwa utumwani utotoni, akakombolewa na wamisionari, kisha Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga wa kizungu. Mwaka 1889 alifika Karema, mwambao wa mashariki wa ziwa, akiwa daktari na katekista, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hivyo kadinali aliigawa kazi ambayo mchezo wa mezani umempa kasisi mmoja. Padri alibeba sakramenti, mzuavu akabeba bunduki, Atiman akabeba dawa. Na kila mmoja alikuwa na mkubwa wake wa kumwambia amekosea: padri alikuwa na askofu wake, na mzuavu alifika ziwani kwa jina la misheni, akila kiapo cha kuitumikia.

Dawa ya mwaka 1964

Sura ya pili ya shujaa mtakatifu haikutoka Ulaya. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wameiona tangu 1905, Kinjikitile Ngwale alipowagawia watu maji huko Ngarambe na vita vya Maji Maji vikawaka kusini mwa Tanganyika. Kwenye mwambao wa Uvira ilikuja miaka sitini baadaye.

Mwanzoni mwa 1964 Gaston Soumialot alifika Bujumbura kwa niaba ya Baraza la Taifa la Ukombozi, chama cha wafuasi wa Lumumba waliokimbilia Brazzaville. Katika uwanda wa Ruzizi alikuta hasira iliyokwishaiva: ugomvi juu ya machifu na vyeo, vijana waliomaliza shule bila kazi, uhuru wa 1960 uliowanufaisha wachache. Wafuliiru walikuwa na kiongozi wao, Musa Marandura. Upande wa Fizi Wabembe nao walisimama. Tarehe 15 Mei 1964 Uvira ikaanguka. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Albertville, na Agosti ya Stanleyville.

Waasi wengi mwanzoni walikuwa na mikuki, mapanga na pinde, wakikabiliana na askari wenye bunduki za kisasa. Askari hao wakakimbia. Sababu mojawapo ni kwamba nao waliiamini dawa.

Utaratibu wa dawa ulijulikana vizuri. Kijana aliletwa kwa mganga, ambaye wengi walimwita docta. Alichanjwa chale kifuani na kwenye paji la uso, zikapakwa unga wa dawa. Kisha akanyunyiziwa maji yaliyochanganywa na majani. Kuanzia hapo alikuwa Simba, na risasi ya adui ingegeuka maji ikimgusa. Akiingia vitani alipiga kelele ya "Mai Mulele", kwa jina la Pierre Mulele aliyekuwa ameanzisha maasi ya Kwilu mwezi Januari mwaka huohuo.

Baada ya chale ilifuata orodha ya miiko. Asimguse mwanamke. Asiibe, asichukue kitu kisicho chake. Asishikane mkono na mtu asiyechanjwa. Chakula chake kiwe na mpishi maalumu. Akienda mbele asigeuze shingo, asijifiche, asiogope. Dawa ilipopungua nguvu, alirudi kwa mganga kunyunyiziwa tena.

Msomaji wa leo huenda akaziona kanuni hizi kama ushirikina mtupu. Azitazame tena akimfikiria kamanda asiye na mishahara, sare, gereza wala mahakama ya kijeshi, mwenye mamia ya vijana wa miaka 15 au 16 wenye njaa. Kanuni za mganga zilikuwa ndiyo sheria pekee ya jeshi hilo. Zilimzuia kijana kupora ng'ombe wa wanakijiji na kumdhuru mwanamke njiani, na zikampa ujasiri wa kusonga mbele risasi zikilia.

Kanuni hizo zilikuwa na kazi nyingine pia: kueleza kifo. Ernesto Che Guevara aliliona hilo kwa karibu. Alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba, mwambao wa Fizi, Aprili 1965, akijulikana kwa jina la Tatu, akakaa hadi Novemba mwaka huo. Katika kumbukumbu zake za Kongo anaieleza dawa na masharti yake kwa undani na kwa wasiwasi. Aliyerudi mzima aliithibitisha dawa. Aliyekufa alikuwa amevunja mwiko: aliiba, aligusa mwanamke, au aliogopa. Na kwa kuwa hakuna askari asiyeonja hofu, na hakuna anayependa kukiri, ilikuwa vigumu dawa kupata hatia.

Kwa hiyo mganga ndiye aliyekuwa mwamuzi. Wengi wa waganga hawakwenda mstari wa mbele, lakini neno lao lilimpandisha au kumshusha mpiganaji yeyote. Kadiri mwamuzi huyo alivyoheshimiwa, ndivyo jeshi lilivyokuwa na mipaka.

Baraka na Fizi, 28 Novemba

Mipaka hiyo ilichakaa haraka. Serikali ikisaidiwa na mamluki iliitwaa tena Uvira Oktoba 1964, na wamisionari waliokuwa wameshikwa mjini wakaokolewa. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji, wakiletwa na ndege za Marekani, wakatua Stanleyville. Waasi wa Fizi, waliobaki na milima na mwambao, walikuwa na hasira ya watu wanaoona ushindi ukiwaponyoka.

Jimbo Katoliki la Uvira lilikuwa changa, limeundwa mwaka 1962, na wengi wa wamisionari wake walikuwa Waxaveri kutoka Italia. Mchana wa tarehe 28 Novemba kamanda mmoja wa waasi alisimamisha gari lake mbele ya misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin alitoka nje, akaamriwa apande gari, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Aliposikia mlio alitoka, akaambiwa naye apande, akachagua kubaki na mwenzake, akauawa hapohapo. Jioni ileile gari likafika Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akauawa. Aliyefuata alikuwa padri mwenyeji wa jimbo aliyekuwa akiishi naye: Albert Joubert.

Alikuwa mtoto wa Léopold Joubert, yule mzuavu wa Mrumbi. Alizaliwa Mrumbi mwaka 1908, mama yake Agnes Atakao, akapata upadri katika miaka ya 1930. Baba yake alikuwa ameshika bunduki ili mapadri wasishike. Mwana akashika upadri, na kwa hiyo bunduki haikuwa yake tena. Ule mgawanyo wa karne nyingi kati ya mlinzi na mtoa sakramenti ulipita ndani ya familia moja, na jioni ile ya Fizi upande wa padri ulikuwa peke yake. Tarehe 18 Agosti 2024, Uvira, wote wanne walitangazwa wenye heri na Kadinali Fridolin Ambongo.

Na waliowaua? Walikuwa watu wa jeshi lile lile lililoapishwa lisipore wala lisidhuru ovyo. Mwiko wa dawa ulikuwa umemfunga mpiganaji dhidi ya wanakijiji na dhidi ya hofu yake. Kwa aliyehesabiwa kuwa adui haukuwa na neno, na nani ahesabiwe adui likabaki kuwa jambo la kamanda mwenye gari na bastola. Mganga hakuulizwa.

Vita vya tangu 1996 viliirudisha dawa katika milima ya Uvira na Fizi, safari hii chini ya jina la Mai-Mai. Maji ya kunyunyizia, docta wa kikosi, marufuku ya wizi na ya wanawake kabla ya mapambano: yote yalirudi. Makundi mengine yaliyashika masharti kwa ukali na wanakijiji wakayaheshimu kwa hilo. Mengine yalibaki na maji yakaacha masharti, na vijiji vikalipa kwa mbuzi, mahindi na mabinti zao. Swali likawa kama docta bado anaweza kumkatalia kamanda.

Kurudi mezani

Mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, mchezo wa Gygax ulimwongeza mhusika mwingine wa jamii hii: shujaa mtakatifu anayepoteza nguvu zake zote za pekee akitenda uovu. Mwenye kutamka kwamba ametenda uovu ni msimulizi, mtu aliyeketi mkuu wa meza. Wachezaji wamebishana juu ya kanuni hiyo tangu siku hiyo, wakilalamika kwamba msimulizi mkali huharibu raha. Wengi leo huilegeza, na matoleo mapya yaliondoa ile marufuku ya kasisi kushika silaha yenye makali.

Kwa mchezo, hakuna ubaya. Dadu zikirushwa vibaya, wanaanza upya Jumamosi ijayo. Lakini kijana wa Uvira au Kalemie, au wa ughaibuni, atakayetaka kuunda mchezo wake juu ya historia ya ziwa hili, asimlegeze mwamuzi. Aweke Joubert na ngome yake, Atiman na mkoba wake wa dawa, docta na ndoo yake ya maji, na kila mmoja ampe mwiko wake na mtu wa kumhukumu. Kisha awaache wachezaji wajaribu kuendelea na vita baada ya mhukumu kunyamazishwa. Hapo watakuwa wanacheza historia ya mwambao huu, maana kila mara hapa nguvu takatifu ilipogeuka kuwa bunduki tu, ilianza kwa kamanda aliyeamua kwamba hana wa kumuuliza.